Siku Mbili Nyololo

Mbeya, 4 Machi 1956

Ndugu yangu Sadru,

Pokea salamu za huku baridini. Mimi sijambo, Mama hajambo isipokuwa magoti, na mvua ndiyo haijambo kabisa, maana haipumziki. Wewe na Mzee Gulam mmeshaizoea Iringa? Mwaka umepita tangu mfunge duka hapa, na bado nikipita pale nageuza shingo.

Pikipiki uliyoniachia inakwenda vizuri. Bwana wa gereji akiwa na vipuri vya kupeleka Chunya, hunituma mimi. Juzi nilipanda mlima wa Kawetire asubuhi. Unaikumbuka ile kona ulipotapika siku ya kwanza? Nilipofika pale mawingu yalikuwa chini yangu, yamejaza bonde lote, ncha za miti tu zimetokeza. Nikazima injini nikakaa. Barabara ya Tukuyu nayo ina kona, lakini utelezi wa Isongole unamfanya mtu asali badala ya kutazama mlima Rungwe.

Wewe uliandika kwamba Iringa kuna barabara nzuri kuliko hizo. Mimi nasema ni uongo. Thibitisha.

Mama anauliza kama unakula. Anasema ulinyonya kwa fujo hata mimi nikawa nalia kungoja zamu, basi asisikie umekonda.

Ndimi ndugu yako wa ziwa moja,
Anyitike


Iringa, 25 Machi 1956

Ndugu Anyitike,

Kamwene! Ndivyo Wahehe wanavyosalimiana, nami nimeshajua kuitikia. Afya yangu ni nzuri, ya Baba pia, na duka linapata wateja. Natumaini magoti ya Mama yamepata nafuu.

Sasa sikiliza. Barabara ya Idodi nimekwisha kuitupa, imenyooka, vumbi tupu, na tembo akisimama katikati huna la kufanya. Mpando wa kutoka Ipogolo kuja mjini ni mfupi ila mtamu. Kitonga ni mwamba upande huu na korongo upande ule, malori yananguruma kwa gia ya kwanza mpaka unayahurumia. Lakini Nyang'oro, ndugu yangu! Unashuka kuelekea Dodoma, kona juu ya kona, na kila kona inafungua nchi nyingine. Pale huhitaji mawingu. Unaona mpaka macho yanachoka.

Ubishi huu hauishi kwa karatasi. Tukutane Nyololo, Jumamosi tarehe 7 Julai, kwenye njia kuu. Nitakuja na pikipiki mpya aliyoninunulia Baba mdogo. Twende Nyang'oro, kisha turudi wote hadi Kawetire, tuamue.

Kuna habari nyingine. Nimeposewa binti wa hapa Iringa, jina lake Sakina. Harusi ni mwezi wa tisa. Mwambie Mama. Aliyenizaa alifariki nikiwa na siku tatu, simjui hata kwa picha. Nikisema Mama, namsema yeye aliyetunyonyesha.

Nduguyo,
Sadrudin


Mbeya, 17 Juni 1956

Sadru ndugu yangu,

Habari za siku nyingi? Hapa wote tu wazima na mahindi tumeshavuna.

Nilipomsomea Mama barua yako alilia, halafu akacheka, halafu akasema, “Na mimi nakwenda Nyololo.” Nikamwambia, Mama, ni mbali, ni siku mbili kwa pikipiki, na Julai kule maji yanaganda. Akanijibu, “Nyie mnabishania barabara. Mimi nataka kumwona mtu.” Hajakuona tangu mhame.

Basi nimetengeneza kiti cha nyuma, nimekishonea blanketi. Tutalala Igawa kwa mwinjilisti. Mama amesuka mkeka wa kumpa Sakina, naye anaushika mwenyewe, hataki niufunge kwenye pikipiki.

Usichelewe.

Ndugu yako,
Anyitike


Iringa, 16 Julai 1956

Ndugu Anyitike,

Salamu kwako na kwa Mama. Nakuandika kwa haya nyingi. Siku ile ya safari niliamka na homa kali, sikuweza hata kusimama, na njia ya kukupasha habari sikuwa nayo. Najua mlingoja. Nisamehe, na uniombee radhi kwa Mama. Sasa nimepona. Tutapanga siku nyingine.

Nduguyo,
Sadrudin


Mbeya, 29 Julai 1956

Ndugu yangu,

Pole sana kwa homa. Sisi tulirudi salama, isipokuwa Mama ana kikohozi.

Tulingoja Jumamosi na Jumapili. Tulikaa kando ya njia mbele ya kibanda cha mzee mmoja, Jailos, anayeuza viazi vya kuchoma. Ukungu wa Nyololo ulikuwa unashuka hata saa nne ya mchana, na upepo haukuwa na huruma. Nilimwambia Mama aingie ndani kwenye moto. Akakataa, akasema ukipita bila kumwona utadhani hakuja.

Nikuchekeshe kidogo. Jumamosi alasiri lilipita gari jeusi, limejaa Wahindi, linaelekea Njombe. Mama akaruka akapunga mkono. “Sadru yule! Amekaa nyuma, dirisha la huku. Amenenepa, mwanangu, ana afya!” Nikamwambia, Mama, Sadru anakuja na pikipiki, na angekuona angesimama. Akasema, “Ninamjua kwa sikio lake.” Mpaka leo anashikilia hivyo hivyo. Barua yako nimemsomea, kwamba ulikuwa kitandani, lakini anatikisa kichwa tu.

Kikohozi hiki sikipendi. Tafadhali mwandikie yeye mwenyewe maneno mawili, nimsomee.

Ndugu yako,
Anyitike


Mbeya, 30 Agosti 1956

Sadru,

Sina salamu leo. Mama amefariki juzi Jumanne, alfajiri. Daktari alisema ni mapafu. Nilikuletea telegramu tarehe ishirini kwamba amezidiwa, na nyingine alipofariki. Labda hazikufika. Tulikungoja kabla ya kufukia, mchungaji akakubali tungoje mpaka jana saa kumi.

Amezikwa Igawilo, juu ya shamba. Mkeka wako upo.

Nduguyo,
Anyitike


Iringa, 20 Novemba 1956

Kwa ndugu yangu Anyitike,

Sijui nianze kwa salamu gani. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi. Telegramu zako zilifika, zote mbili.

Sikuwa na homa.

Asubuhi ya tarehe saba nilikuwa nimeshajaza petroli. Baba mkwe akaja na gari, akasema twende Njombe kualika jamaa zake, na Baba akanitazama kwa jicho ambalo huwezi kulikatalia. Nilikaa nyuma, dirishani. Nikajisemea, tukifika Nyololo nitaomba wasimame, nishuke nimwambie Anyitike.

Hata baada ya barua yako nilidhani Mama angebadili nia. Kumbe alikuwepo. Nilimwona kabla hajaniona, amejifunga blanketi, mkeka mapajani. Baba mkwe alikuwa anaeleza habari za ukoo wao, nani ni nani. Hawa watu hawajui nilinyonyeshwa na nani. Baba aliniambia tangu tulipohamia, “Mambo ya Mbeya yabaki Mbeya.” Nami nilikubali, Anyitike. Sikupinga hata siku moja.

Mama akasimama, akapunga. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba ataniita mwanangu na wao watasikia. Nikageuza uso upande wa pili. Mama mkwe akauliza, “Yule bibi anamwita nani?” Nikasema, “Simjui.”

Telegramu ya pili ilifika siku mbili kabla ya harusi. Niliificha mfukoni. Watu walicheza, na mimi nilicheza.

Pikipiki sijaipanda tena. Nyang'oro sijakwenda. Nataka kuja Igawilo. Niruhusu nije, unipige ukitaka, halafu twende Kawetire sisi wawili, kama tulivyosema. Nijibu hata neno moja.

Nduguyo,
Sadrudin


Mbeya, 13 Januari 1957

Sadrudin,

Barua yako ilifika kabla ya Krismasi. Nilikuwa na kazi ya kuisoma.

Unataka kuja Igawilo. Kaburi halina mlango, njoo siku unayotaka. Mjomba Lutengano atakuonyesha. Sijamwambia lolote, wala mtu mwingine. Utamweleza mwenyewe, au utanyamaza, utachagua wewe. Mimi hutanikuta. Nimeacha gereji, wiki ijayo naondoka na wenzangu kwenda migodini kusini. Pikipiki ni yako, nimeiweka kwa mjomba, imefunikwa. Kawetire siendi na wewe.

Usidhani nalia kwa sababu ulipita. Watu hupita. Sikiliza ninalolilia.

Mama aliumwa mwezi mzima, na kila siku alisema, “Lakini nilimwona.” Kila siku nilimbishia. Nilikuwa nakutetea. Nilimwambia Sadru ni mgonjwa, Sadru ameandika, Sadru hawezi kunipita mimi njiani. Nikamwambia, Mama, macho yako yamezeeka. Nilimletea barua yako ya homa nikamsomea tena na tena, kana kwamba yeye ni mtoto mwenye kichwa kigumu. Jumapili ile ya mwisho alikuwa hana nguvu ya kubishana. Akanishika mkono, akasema, “Ndaga, asante, mwanangu. Basi hakuwa yeye. Nilitamani tu.” Akageukia ukutani.

Alikwenda Nyololo kukuona, na alikuona. Aliona umenenepa, aliona una afya, akafurahi. Alichokipata katika safari ile yote ni hicho tu, nami nikamnyang'anya kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jana nilikwenda kaburini. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilipiga magoti kwenye tope nikasema kwa sauti, watoto wa jirani wakasikia wakakimbia, “Mama, alikuwa yeye. Uliona sawasawa. Alikuwa Sadru.”

Nilisema mpaka sauti ikakauka. Kisha nikarudi nyumbani kufunga mizigo.

Ndugu yako,
Anyitike