Tabaka Mbili za Penseli ya Baba

Makambako, Jumapili

Kaka Elius,

Hatujambo, ila baridi imezidi.

Lile jaribio lako la chuo nimelifanya. Nilibandua tabaka nyembamba za ule weusi wa penseli kwa selotepu, nikalaza moja juu ya nyingine, mshazari kidogo, nikaziunga kwa nyaya na betri na mita ya umeme. Ulisema umeme hupita kati ya hizo mbili kwa namna ambayo tabaka moja haiwezi. Nilitumia penseli ya marehemu baba, ile aliyochorea mbao.

Betri nimeshaitoa. Hata hivyo, mama akiita "Baba Elius" kama alivyozoea, mshale wa mita unapanda. Sasa anakitengea kile kifaa ugali na kukieleza kwa nini hukuja kuzika.

Leo nimezitenganisha tabaka. Mama yuko kanisani, nyumba kimya. Nilipoandika jina lako hapo juu, mshale ukapanda.

Njoo, kaka.

Mdogo wako,
Esnath