Wifi Yangu Kaninunia kwa Sababu ya Zipu ya Madamu

Shangazi, shikamoo. Watu wanaoandikia magazeti huwa nawacheka, tena kwa sauti, lakini safari hii yamenifika hapa shingoni, kwa hiyo leo nicheke wewe, ilimradi unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunigombeza.

Mimi ni fundi wa nguo, nina duka la ushonaji ambalo naendesha pamoja na wifi yangu, dada wa mume wangu wa tumbo moja, mimi nakata na yeye anashona, na sisi hatuna mambo ya kuandikiana wala kuchora chaki kila mahali, nikimaliza kukata namrushia kitambaa huku nasema kwa mdomo, “Hiki acha nusu inchi, hiki inchi nzima, hapa kiunoni mwachie mama wa watu apumue,” naye anadaka na kushona bila kuinua kichwa, na kwa mtindo huo tumevalisha mtaa mzima na hakuna aliyewahi kurudisha nguo akilalamika. Nasema hivyo si kwa kujisifu, ingawa nikijisifu sitakuwa nimesema uongo.

Sasa juu ya rafu ya nyuzi tumeweka televisheni, na kila alasiri inarushwa tamthilia inaitwa Kasri la Machozi, bila shaka unaijua, hakuna asiyeijua, na hapo dukani petu ikifika saa yake benchi la wateja linajaa watu ambao hawana nguo ya kushonesha. Kuna mwalimu mstaafu mmoja ameleta suruali ile ile kupunguzwa urefu mara nyingi mpaka inakaribia kuwa kaptula, yeye yuko upande wangu, na kuna mama mwenye duka la vipodozi la jirani, huyo anafunga duka lake kabisa na kuja kukaa, na yuko upande wa wifi. Maana pande ziko mbili, Shangazi. Wifi na wenzake wanasema Kasri la Machozi ndiyo tamthilia bora kuliko zote, na mimi nasema ni upuuzi uliovalishwa dhahabu.

Na mimi nina macho. Madamu, mwenye kasri lenyewe, alikufa, tukaona jeneza, tukaona udongo ukimwagwa, halafu karudi na helikopta kope za bandia zikiwa zile zile. Binti yake mdogo alipanda ghorofani kuchukua sweta na mpaka leo hajashuka, na mama mzazi hajauliza. Hospitali na benki ni chumba kimoja, wanabadilisha kitanda na meza tu, lakini pazia ni lile lile, nalijua kwa sababu pindo lake limefumuka upande wa kushoto na linanikera mno. Kila mtu akitaja neno mirathi, radi inapiga, hata kama wako sebuleni na jua linawaka dirishani! Na Bwana Mkubwa akiambiwa habari yoyote, hata akiambiwa chai tayari, lazima ageuke mara tatu na muziki ulie.

Nikiyasema haya wifi ananijibu, “Kwani wewe ulitaka ukweli? Ukweli si umejaa huko barabarani, nenda kauangalie bure!” Au ananiambia, “Sawa, ana kope za bandia. Lakini Madamu akiingia mahali, anaingia. Wewe ulishawahi kuingia mahali watu wakanyamaza?” Na benchi linapiga makofi, na mimi najibu, na mwalimu ananiunga mkono, na cherehani inaendelea kulia, na Shangazi, nisiwe mnafiki, hizo ndizo zilikuwa saa zangu tamu kuliko zote za siku.

Basi ikafika ile sehemu ya Madamu kwenye ngazi. Kama uliiona unajua. Amevaa gauni la dhahabu, mumewe kasimama chini na mwanamke wake mpya, na Madamu anampa vidonge vyake kimoja baada ya kingine, miaka niliyokupikia, miaka niliyokungoja, jina nililolibeba wakati wewe hulitaki, toka, hapa kwangu huna mlango. Benchi lote limeinamia mbele. Hata mimi nilikuwa nimeacha kukata. Halafu Madamu akageuka apande ngazi, na mgongoni, Shangazi, mgongoni nikaona zipu haikufungwa! Gauni halikumtosha, wamelibana na vibanio vya kuanikia nguo, vitatu, kimoja cha rangi ya waridi! Nikapiga kelele, “Jamani, vibanio! Madamu kaanikwa!” Benchi lilianguka kwa kicheko, mama wa vipodozi mwenyewe alijifuta machozi, na mwalimu alikohoa mpaka tukampa maji.

Wifi hakucheka. Aliinuka, akazima televisheni, akaifunika cherehani yake, akachukua mkoba na kuondoka, na jioni ilikuwa bado mbali. Nilidhani anaumwa. Kesho yake alikuja, akakaa, akashona, hakunisemesha. Nikasema haya, kanuna, atanunua. Na mimi nina yangu, siwezi kumbembeleza mtu mzima kwa sababu ya zipu, kwa hiyo na mimi nikanyamaza. Tukawa tunaongea kupitia wateja. “Mama, mwambie huyo aliye kwenye cherehani nyuzi nyeusi zimekwisha.” “Mama, mwambie huyo mwenye mkasi akanunue.”

Katika kununiana huko tukapata kazi ya hoteli, vizibao vya wahudumu, kazi kubwa. Kitambaa walicholeta kilikuwa hakitoshi, nikakikata kwa kubana, nikaacha nafasi ndogo sana ya mshono. Kwa kawaida ningesema. Siku hiyo sikusema, nikaweka mezani, na yeye hakuuliza, akashona kwa inchi nzima kama tulivyozoea, vyote. Msimamizi wa hoteli alipokuja akajaribu kimoja mwenyewe, akavuta pumzi afunge, kifungo kikaruka kikaenda kugonga kioo. Akatutazama mmoja mmoja. Ametupa nafasi ya kurekebisha, lakini kwa uso ambao sitaki kuuona tena.

Alipotoka, wifi kwa mara ya kwanza akanigeukia, nikajua sasa tutatupiana lawama na mambo yaishe. Akasema kwa upole tu, “Mwisho wa mwezi nachukua cherehani yangu naondoka. Nimechoka kukaa na mtu anayeona mishono tu.” Akarudi kazini.

Shangazi, nimechanganyikiwa. Mume wangu nikimwambia anasema, “Dada yangu na mke wangu, mimi simo,” na kuvuta gazeti usoni. Mama mkwe kapiga simu, kasema kama hatuelewani tugawane na tusimletee presha. Bila wifi hakuna duka, maana mimi kushona nashona lakini si kama yeye, na sitaki fundi mwingine, sitaki kabisa. Na ni mwanamke mpole, hana makuu, hata mumewe alipomwacha mwaka jana akahamia kwa mwanamke mwingine, hakusema neno, alimfungashia begi, akamfungulia mlango, akaja dukani akamalizia pindo la gauni la mteja. Hakulia, hakutukana. Sasa mtu aliyevumilia hayo yote anashindwaje kuvumilia utani wa zipu? Na je, niombe radhi wakati zipu kweli ilikuwa wazi, na benchi zima ni mashahidi? Ukiniambia nimpigie magoti kwa sababu ya tamthilia ya hovyo namna ile, nitakuheshimu kama Shangazi lakini itaniuma.

Ni mimi,
Mwenye Mkasi

*

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Mwenye Mkasi.

Kwanza tumalize la tamthilia, maana naona ndilo unalotaka nikuamulie. Haya, umeshinda. Zipu ilikuwa wazi, niliiona. Kibanio cha waridi nilikiona pia, na nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Radi ya sebuleni ni aibu, na yule mtoto wa sweta mimi mwenyewe nina wasiwasi naye. Lakini usinidanganye kwamba unaichukia. Mtu anayechukia tamthilia hajui pindo la pazia limefumuka upande gani. Wewe ni mpenzi wa Kasri la Machozi kama wifi yako, tofauti ni kwamba yeye haoni haya kusema.

Sasa tuje kwako, na hapa kaa vizuri.

Umeniandikia barua ndefu, umenieleza kope, helikopta, pazia na kaptula ya mwalimu, halafu mwishoni kabisa, kwa mistari miwili, ndipo umekumbuka kunitajia kwamba wifi yako aliachwa na mume mwaka jana. Nimesoma hapo nikaweka miwani chini. Hebu fikiri, mama! Mwanamke aliyemfungulia mumewe mlango bila kusema neno, anakaa kwenye cherehani yake, anamwona mwanamke mwingine amesimama juu ya ngazi anayasema maneno yote ambayo yeye hakuyasema. Yote, moja baada ya jingine, na mume yuko chini anasikiliza. Kwako ile ilikuwa sehemu ya tamthilia. Kwake ndiyo siku ambayo hatimaye mtu alimsemea. Na katikati ya hapo wewe ukapiga kelele ya vibanio na benchi zima likacheka.

Hukujua, naamini hukujua. Lakini uliniambia una macho. Macho hayo yaliona kibanio ndani ya kioo cha televisheni na hayakuona mtu aliyekaa hatua moja kutoka kwenye meza yako. Alikuwa analia, nina hakika, na wewe hukugeuka. Ndiyo maana kakuambia unaona mishono tu. Maneno yale hayakuwa ya hasira, yalikuwa ya mtu aliyekata tamaa na wewe, na hayo ni mabaya zaidi.

Eti anashindwaje kuvumilia utani wakati kavumilia kuachwa? Nani kakwambia alivumilia? Kunyamaza umekuita kuvumilia kwa sababu kulikufaa, pindo la mteja likamalizika na wewe ukaendelea kukata. Tangu siku ile ulishawahi kumuuliza, “Wifi, unaendeleaje?” Sisemi habari za kazi wala nyuzi nyeusi. Barua yako yote sijaona mahali ulipomuuliza. Ninyi mnaongea siku nzima, mnajibizana, mnacheka, na jambo kubwa kuliko yote lililompata halijawahi kutajwa dukani humo. Na mumeo naye, kaka mtu, “mimi simo”! Mwambie Shangazi kasema yumo, tena yumo mpaka shingoni, na gazeti aliteremshe.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho usiende dukani kwanza. Nenda nyumbani kwake asubuhi kabla hajatoka, peke yako, mikono mitupu. Usipeleke zawadi, atadhani unanunua cherehani ibaki. Usimpeleke mama mkwe, yeye ana presha yake. Mwambie hivi: “Wifi, siku ile ulikuwa unalia na mimi nikawachekesha watu. Nilikukosea.” Halafu funga mdomo. Neno “lakini” lisikutoke. Neno “zipu” lisikutoke hata kama atalitaja yeye. Najua itakuuma, uma tu meno. Huombi radhi kwa sababu ya tamthilia, unaomba kwa sababu ya mtu, na ukishaelewa hilo wala magoti hayatakuwa mazito.

Huenda asikujibu. Huenda akakufungulia mlango kama alivyomfungulia yule mwingine. Usiondoke haraka. Mwambie utamngoja nje, ungoje kweli.

Vile vizibao visikutishe, wewe ni fundi. Fumueni ubavuni, mtie kipande cha bitana upana wa vidole viwili kila upande, kwa rangi ile ile, wahudumu wa hoteli watadhani ni mtindo. Ila fanyeni kwenye meza moja, wewe ukifumua na yeye akishona, na sema kwa mdomo kama mlivyozoea, hata asipojibu. Kazi imewaharibikia kwa kunyamaziana, na hakuna mkasi wa kuirekebisha zaidi ya kusemezana. Na umwambie msimamizi wa hoteli kosa ni lako, uliyekata kwa kubana bila kusema. Useme wifi akiwepo, asikie.

Tamthilia msiiache. Itazameni, bishaneni mpaka mwalimu akohoe tena, mwambie wifi kwamba Madamu ni upuuzi uliovalishwa dhahabu na yeye akujibu anavyojua kukujibu. Mabishano yale hayajawahi kuwa kosa, yamewaweka pamoja miaka yote hii. Kosa lilikuwa kucheka bila kugeuka kumtazama.

Na akishakusamehe, maana nadhani atakusamehe, usikimbilie kuwasha televisheni. Madamu ameandikiwa maneno yake na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Wifi yako hana wa kumwandikia, anayo yake mwenyewe na yamemkaa kifuani mwaka mzima. Muulize siku ile mlangoni alitaka kumwambia nini mumewe. Halafu weka mkasi chini, na usimkatize mpaka amalize.