Mtungi Uliomsubiri Fandi

Mwaka umegeuka, Fandi, Baba Shahin wetu, na Tishrini ya vuli imerudi bila wewe. Tangu siku ile ngazi ilipoteleza chini ya mzaituni wa juu, ukatuacha palepale bila hata kuomba maji, nyumba yako imesimama, kuta zako za mawe zimesimama, na sisi tumesimama. Lakini kusimama si kupona.

Hatuandiki ili kukufanya malaika. Ulikuwa mkaidi. Ulipiga mluzi vibaya na ulipenda kuupiga. Ukijenga matuta ya shamba hukumruhusu mtu akusogezee jiwe, hata mgongo ukikuuma. Ila hakuna mjane hapa kijijini ambaye ukuta wake uliporomoka kwa mvua, naye akaamka asikukute umeshafika, umekunja mikono ya shati, unachagua mawe. Ukimaliza ulikula ulichopewa, ukarudi nyumbani. Hukulizungumza tena jambo hilo.

Mwezi huu ulikuwa wako. Wazee husema kati ya Tishrini ya kwanza na ya pili, Oktoba na Novemba, kuna kiangazi kingine, na wewe ulikila kiangazi hicho chote, hukubakiza kitu. Ulipandisha godoro kuukuu juu ya paa tambarare, ukaegemea ukuta uliopata jua, kibuyu cha yerba, ile chai chungu ya majani, mkononi. Kilizunguka kwako, kwa mama, kwa baba mdogo Ajaj, mrija mmoja, kila mtu akiufuta kwa ganda la limau kabla ya kumpa mwenzake. Wewe ulifumba macho ukikinyonya.

"Kaka, unakunywa au unasali?" Ajaj alikuuliza.

"Nakunywa. Wewe endelea kusema, maana ndiyo kazi pekee uliyojifunza."

Mvua ya kwanza ilipogusa vumbi, ulitoka nje kichwa wazi na kusimama katikati ya uwanja kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Baba Shahin, utaugua!" mama alikupigia kelele dirishani.

"Mama Shahin, hii bado si mvua. Hii ni harufu tu."

Kisha ukaugua, na mama akakukandia kifua huku akikutukana. Mwaka huu mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Mama alifungua dirisha, akatazama uwanja, akalifunga.

Ulipenda maganda ya machungwa juu ya jiko la dizeli la kupashia nyumba joto, siku ya kwanza linapowashwa. Ulipenda komamanga lililopasuka lenyewe mtini, si la kuchuma. Ulipenda mkate wa moto uliokunjwa mara mbili, mafuta mapya yakikuchuruzika hadi kwenye kiwiko, na ulikataa kitambaa.

Na zaituni. Hapa kwetu kuweka zaituni kwenye mtungi wa kioo ni kazi ya wanawake, kila mtu anajua hilo, na kila mtu anajua kuwa nyumbani kwako haikuwa hivyo. Ulikaa sakafuni na jiwe la mtoni, ukazigonga moja moja, pigo moja tu, ngozi ipasuke na kokwa ibaki nzima. Ulibadilisha maji mwenyewe hadi uchungu ukatoka. Ulitia maji ya chumvi, limau, pilipili, na juu ukamwaga mafuta. Kila wiki ulifungua mtungi kuona kama mafuta yamepungua, ukaongeza.

"Shemeji, huyu ni mume au mpishi?" Ajaj alimuuliza mama.

"Ni mume," mama akajibu bila kugeuka. "Mpishi ningeshamfukuza. Chumvi yake nyingi."

Ilikuwa nyingi kweli. Ndiyo ladha tuliyokulia.

Mtungi wako wa mwisho uliufunga jioni, na kesho yake ukapanda ile ngazi. Siku za msiba, nyumba ilipojaa watu, binti yako Hiyam aliutoa rafuni ili wageni wapate kitu cha kulia mkate. Mama alimfuata hadi mlangoni.

"Rudisha."

"Mama, ni zaituni tu."

"Rudisha, nimesema. Zina mwenyewe."

Unatujua tulivyo. Kaburi hatulipambi. Kwetu mwili ni shati: likichanika, roho huvaa jingine saa ileile, na mahali fulani mtoto mchanga analia kwa mara ya kwanza. Na aliyeondoka kwa ghafla, wazee wanasema, huja na kumbukumbu zake. Akianza kusema, hutaja nyumba yake, naye huletwa aitazame. Mama alijua hayo tangu utotoni. Siku moja akianika nguo alimweleza mwanao Shahin aliyokuwa ameyapanga moyoni.

"Ataletwa. Akifika miaka mitatu, minne, ataletwa hapa. Watu watamuuliza jina la mke wake, watamuuliza alizikwa na koti gani. Mimi simuulizi kitu. Nitamwekea sahani mbili, zaituni zangu na zake. Atazijua zake."

"Na asipoletwa, mama?"

"Baba yako alichelewa lini kwenye chakula?"

Shahin hakucheka. Baba mdogo Ajaj alipoelezwa alicheka kidogo, kisha akatoka nje kufuta macho.

Basi mtungi ukakaa rafuni, umefungwa kitambaa chako cha kichwani. Majira ya baridi yakapita. Mafuta ya juu yakashuka, kama yanavyoshuka kila mwaka. Shahin akaja na chupa ya mafuta.

"Usiguse!" mama akamwambia. "Tone moja la mkono mwingine litamchanganya."

"Mama, zitakauka juu."

"Usiguse, mwanangu. Nakuomba."

Ajaj naye akajaribu, kwa ulimi wake ule unaoujua. "Shemeji, zaituni si dhahabu. Zaituni huliwa."

"Na maneno yako nayo yangekuwa yanaliwa, tungeshashiba."

Akamnyamazisha Ajaj, jambo ambalo wewe hukuwahi kuliweza. Majira ya joto yakaja. Maji ndani ya mtungi yakawa na ukungu, kisha ukatanda utando mweupe. Sote tuliuona. Mama alikipanguza vumbi kioo chake kwa nje kila Ijumaa, naye aliuona kuliko sisi. 

Mwaka ulipotimia, jua lilikuwa lile lako, la kiangazi cha pili. Hiyam alipanda kutoka Beiruti na mikate. Ajaj alileta kibuyu. Tuliketi juu ya paa, na kwa muda kidogo tukasahau, hata Ajaj akapiga mluzi wako ule mbaya, na tukamwambia anyamaze kama tulivyokuwa tukikwambia wewe. Ndipo mama akasema, "Shahin, niletee mtungi."

Alifungua kitambaa taratibu, akakikunja, akakiweka pajani. Alipoinua kifuniko, harufu ikatufikia sote. Akachukua moja ya juu. Ilipondeka katikati ya vidole kabla haijafika mdomoni, naye akaitia mdomoni hivyohivyo.

"Tema, shemeji!" Ajaj akaruka.

Akatema kiganjani. Akaitazama.

"Si mkono wake," akasema.

"Labda za chini," akasema Ajaj. Yule yule aliyemcheka sasa ndiye aliyemtia moyo. "Za chini zimezama kwenye chumvi, Mama Shahin. Za chini huwa nzima."

Mama akakunja mkono wa gauni, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Alipapasa chini kabisa, akizungusha, kama mtu aliyeangusha pete kisimani. Tulimtazama usoni. Alitoa konzi ya uji wa kijani na makokwa. Akazamisha tena. Akatoa yaleyale. Alipotaka kuzamisha mara ya tatu, Hiyam alimshika mkono.

"Tungezila, mama," akasema, naye alikuwa akilia. "Tungezila zilipokuwa nzuri. Watu wale wote waliokuja kumlilia wangeonja mkono wake kwa mara ya mwisho. Hata mimi sikuonja."

"Najua, mwanangu."

"Hata moja."

"Najua. Niliwanyima ninyi, nikasema namtunzia yeye. Na yeye nimemwozeshea."

 Kibuyu kilipoa mkononi mwa Ajaj. Mama alinawa mkono wake kwa maji ya birika, kidole kimoja kimoja, akaukausha. Kisha, Baba Shahin, alicheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu uondoke, tukaogopa.

"Leo ana mwaka mmoja," akasema. "Mwaka mmoja! Hana hata magego. Na mimi nimemwekea zaituni za chumvi."

Akacheka tena, na kicheko kikavunjika, akaficha uso ndani ya kile kitambaa. Tulimwacha alie. Jua lilikuwa limefika ukutani pale ulipozoea kuegemea, na hakuna aliyekaa hapo.

Alipoinua kichwa, sauti yake ilikuwa imetulia.

"Mahali fulani kuna mwanamke anampondea kiazi," akasema. "Anampuliza kijiko kisimchome. Usiku anaamka kumsikiliza kama anapumua. Na mimi mwaka mzima nimekaa hapa nikiomba aje aseme yeye si wake, ni wangu." Akatikisa kichwa. "Yule naye ni mama. Mimi najua ilivyo kuchukuliwa Fandi. Simtakii mtu."

Akamgeukia Shahin.

"Mwandikie baba yako. Shule uliikimbia, lakini andika hivyohivyo. Mwambie namruhusu asije."

Basi tunakuandikia. Mtungi tumeuosha, na yaliyokuwamo tumeyazika chini ya mzaituni wa juu. Mama hakutaka kuja kutazama.

Popote ulipo, Baba Shahin, kama umeshika ukuta unajifunza kusimama, simama. Akikuita mama huyo kwa jina alilokupa, itika. Kula atakachokupa. Kama umezaliwa kwa watu wasiopanda mizaituni, basi zoea chakula chao. Mvua ikinyesha usikubali kufungiwa ndani, hilo tu ndilo tunalokuomba.

Tunaoandika haya ni mkeo Najla. Watoto wako Shahin na Hiyam pamoja na wenzi wao. Wajukuu wako, ambao bado wanauliza. Mdogo wako Ajaj, ambaye sasa hana wa kumtania. Na majirani wote wa mtaa wa juu, milima ya Shufu, ambao kuta zao umeziacha zimesimama.

Wewe una ruhusa ya kutusahau. Kukukumbuka tutabaki nako sisi, siku zote.