Mabeleshi ya Mama

Mtaa wa Juu, KwaMzola
Jumanne

Dada yangu Nokhwezi, MaMpinga,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa yote ina vumbi. Hujambo huko Durban? Miguu yako, ile inayovimba ukisimama sana wodini, inaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanahamisha vitanda? Wasalimie wapwa zangu wote, waambie mjomba wao yu hai, na bado ndiye mwanamume pekee wa KwaMzola ambaye mbwa wa kituo cha polisi humpisha njia. Sisi huku tu wazima, kwa kadiri mtu mkavu anavyoweza kuitwa mzima.

Barua yako ilifika. Niliisoma mara tatu, nikaikunja, nikaifunua tena. Unasema mama anakujia ndotoni, anasimama langoni na mikono ameinyoosha mbele, hasemi kitu. Unaniuliza kama yale mabeleshi na sururu tuliyochimbia kaburi lake yalioshwa vizuri, kwa kuwa wewe ulilazimika kurudi kazini Jumapili na hukuona. Nitakujibu. Lakini niache nianzie mbali kidogo, maana jibu lenyewe halisimami peke yake.

Ukame uliouacha hapa umezidi. Juzi nimemwona mbuzi wa akina Sakhiwo akilamba kivuli cha tangi. Hata nzi wameacha kusugua mikono, wanaogopa kuonekana wananawa. Manispaa imebana masharti: Mtaa wa Chini wanapata maji Jumatatu na Alhamisi, sisi wa Juu Jumanne na Jumamosi, saa mbili tu, ndoo mbili kwa kila kichwa. Bustani marufuku. Kuosha gari marufuku. Kupika pombe marufuku, hata ya matambiko. Nyumba yenye msiba inaletewa pipa moja na boza siku ya maziko, na pipa jingine kwa ajili ya kuosha vifaa vilivyochimba kaburi, na hapo wawepo watu wa nyumbani tu, wazee wa mtaa wakae kwao. Hebu fikiria, kuosha mabeleshi bila wanaume kukaa pamoja na kopo la pombe likizunguka.

Na nani anayefungua na kufunga maji ya mji huu? Si ndugu yako? Unajua ufunguo wangu wa koki kuu, lile lichuma refu kuliko mimi. Nikiinama KwaMzola yote inainama. Siku hizi mke wa diwani ananiamkia kwa jina la ukoo, tena ananisimamisha barabarani: "Mpinga, Mpinga mkubwa, leo utatukumbuka?" Wiki moja nilipiga chafya wakati nazungusha, mkono ukateleza, nyumba kumi na nne zikafurika na bata wawili wakaonekana ambao hakuna mtu aliyewahi kuwafuga. Watu wanacheka nikisimulia hilo. Wanacheka, lakini ndoo wamezishika mkononi.

Basi Jumatano, siku nne baada ya kumzika mama, boza lilikuja na pipa letu. Karani, yule binti Ntombekhaya mwenye daftari, aliniita nitie sahihi. Mtaa mzima ulikuwa umesimama pale. Dada, sijui ni shetani gani aliyenipanda. Nilisema kwa sauti pipa hilo wapewe maskini, mama yangu hataoshewa mabeleshi kwa maji ya kuomba wakati mwanawe ndiye mwenye ufunguo wa mji. Nikasema Ijumaa asubuhi nitafungua koki mwenyewe, dakika tano tu, ruhusa au bila ruhusa, na maji yatakuja yenyewe mpaka mlangoni kutoa heshima. Watu walipiga makofi. Ni Bonakele peke yake, jirani yetu, hakupiga. Alinisogelea akaniambia polepole, "Mpinga, chukua pipa. Maji yenyewe hayana kiburi, wewe chako umekitoa wapi?" Nikamwambia akalale. Pipa likaenda kwa mama mmoja wa pale kona, na nilijisikia mtu mkubwa hadi jioni.

Ijumaa alfajiri nilienda kwenye koki. Nikaingiza ufunguo, nikazungusha. Kwanza kimya. Kisha bomba likavuta pumzi. Ndivyo lilivyofanya, dada, lilivuta pumzi ndefu, ikakwama katikati, ikatoka kwa mikwaruzo. Ulikuwepo wiki ile ya mwisho ya mama, uliusikia ule mhemo tulipokuwa tukimgeuza kitandani. Ulikuwa ni ule ule, ukitoka ardhini. Nilisimama nikausikiliza mpaka ukaisha. Tone halikutoka. Baadaye niliambiwa kwamba bwawa lilikuwa limeshuka chini ya mdomo wa bomba tangu Alhamisi mchana, na hakuna aliyekumbuka kumwambia mshika ufunguo.

Nilirudi nyumbani. Mabeleshi mawili na sururu yalikuwa yameegemea ukuta wa ghala, udongo mwekundu wa kilima cha makaburi umekaukia juu yake. Jikoni nilikuwa na nusu ndoo ya maji ya kunywa. Vikombe viwili vingetosha, na kipande cha mshubiri, na maneno machache. Mzee yeyote angenisamehe. Lakini nilijiambia kwamba mama hawezi kuoshewa kwa vikombe baada ya yale niliyoyasema mbele ya watu, nitangoja Jumamosi maji yakirudi. Nikayapangusa kwa gunia nikayaingiza ndani. MaDlomo, mke wa Bonakele, akapita na kuuliza kama shughuli imekwisha. Nikamjibu imekwisha, tena kwa kishindo. Jioni ulipiga simu wewe, nikakuambia maji yalitoka kwa nguvu yakanivua kofia. Kofia hiyo iko hapa mezani ninapoandika. Haijalowa tangu mwaka juzi.

Jumamosi maji hayakuja. Wala Jumanne. Yalipokuja, habari ya kofia ilikuwa imeshafika mpaka Mtaa wa Chini, na mtu aliyekwisha kuosha hawezi kuonekana anaosha tena. Ndivyo yalivyobaki ghalani.

Sasa nivumilie hapa.

Wiki mbili baadaye bomba lilikauka kabisa, siku sita mfululizo. Wanaume wakaamua kuchimba kisima mchangani, kule mtoni, kama wazee walivyokuwa wakifanya. Bonakele akaja kwetu asubuhi, beleshi lake lilikuwa limevunjika mpini. Akaomba yetu. Wewe ni mtoto wa nyumba hii, huhitaji kuambiwa. Beleshi lililochimba kaburi, kabla halijaoshwa, haliazimwi hata kwa kupandia kitunguu, maana bado linaitafuta kazi yake. Ningemwambia tu, ndugu yangu, haya bado. Neno moja, bado. Nilimpa yote matatu.

Walichimba watatu kwa zamu, Bonakele, Sakhiwo na kijana wa duka la mkaa. Mimi nilikaa ukingoni kuwachangamsha, kama kawaida yangu. Shimo lilifika kimo cha mtu na nusu, mchanga ukaanza kuwa na unyevu, Bonakele akawa chini. Nilikuwa nasimulia habari ya wale bata. Aliinua uso akanitazama, anacheka, jasho limemchora mistari mashavuni, akasema, "Jana walikuwa watatu, Mpinga, huyo mmoja umemla lini?" Ukuta wa mchanga ukashuka. Haukupiga kelele. Ulishuka kama blanketi linavyoteleza kitandani, na pale alipokuwa uso wake pakawa tambarare.

Tulichimba kwa mikono, na kwa mabeleshi hayo hayo. Tulimtoa baada ya muda mrefu. Shimoni, alipokuwa amesimama, maji yalikuwa yameanza kujikusanya.

Tulimzika Jumamosi iliyopita. Majirani walileta vifaa vyao kuchimba kaburi, kama ilivyo desturi, na vyetu vikachukuliwa pamoja na vingine bila mtu kuniuliza. Nilisimama nikayatazama yakiingia ardhini mara ya tatu. Watu wanailaumu mvua iliyokataa kunyesha, wengine wanailaumu manispaa. Nimesikia wakiniambia pole, wanasema nilikuwa rafiki yake.

Tangu siku hiyo nayasikia. Ninapokunywa chai mchana kweupe, jua liko utosini, nasikia nyuma ya nyumba beleshi likiingia mchangani, likitoka, likimwaga. Natoka. Yameegemea ukuta kama nilivyoyaacha. Narudi, nikikaa yanaanza. Hii si hadithi, dada. Ingekuwa hadithi ningeweka ndani yake mtu mrefu asiye na kichwa, unanijua. Hapa hakuna mtu. Ni kazi tu inayoendelea.

Jana MaDlomo alinitumia ujumbe. Ijumaa hii ni zamu ya kuosha vifaa vya mumewe, manispaa imemwahidi pipa, na kwa kuwa hana mtoto wa kiume aliyekua, alitaka mimi ndiye nisimamie, na mabeleshi ya mama yaje pia kwa sababu yalitumika. Ujumbe ulisema, eti, "Mpinga anajua kuosha kwa heshima." Nilivaa koti nikaenda kwake.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka kando ya ukuta, blanketi begani, amevaa nyeusi. Nikamweleza yote, tangu pipa nililolikataa. Nilieleza vibaya, nilirudiarudia. Nilipomaliza alikaa akikunja ncha ya blanketi lake, akaikunjua, kisha akauliza jambo moja tu. Aliuliza kama Bonakele alijua.

Hili ndilo nililotaka kukuandikia. Mengine yote ningeweza kufa nayo.

Asubuhi ile, nilipompa beleshi, Bonakele alipitisha kidole gumba kwenye bati lake, pale linapokutana na mpini. Ukatoka udongo mwekundu, kipande kidogo kama ukucha. Mtoni hakuna udongo mwekundu. Alinitazama, akaniuliza bila hasira, "Mpinga, haya yameoshwa?" Na mimi nikainua mkono nikaapa. Nikasema, yameoshwa, naapa kwa mama aliye kilimani. Niliapa kwa mama, Nokhwezi, mwezi haujatimia tangu tumfunike. Ndipo akayatia begani akaenda.

Nilimwambia MaDlomo hivyo hivyo. Akasema anajua. Akasema Bonakele alipitia nyumbani kuchukua maji ya kunywa, akamwambia mkewe kwamba alikuwa na mashaka na yale mabeleshi, lakini Mpinga ameapa kwa mama yake, na mtu akishaapa kwa mama yake umtake nini zaidi? Mwanamke yule alinitazama usoni, wala hakulia. Nilitaka alie, au anitukane, au aniite mwuaji watu wakusanyike. Nilianza kusema sijui nini, kwamba huenda mchanga ungeanguka tu, na mabeleshi ya mtu mwingine yoyote. Akainua kiganja. Akasema, "Nyamaza, shemeji. Kama ungeanguka tu, ningependa kujua hivyo. Sasa sitajua kamwe. Hicho ndicho ulichokichukua."

Baadaye akanipa amri. Ijumaa nitakuja. Nitaleta mabeleshi yote mawili na sururu. Nitapiga magoti mbele ya wazee, aitwe kila anayetaka kuja, sharti la manispaa litajijua, na nitayaosha kwa mikono yangu katika maji ya pipa lake, kwanza ya mama, kisha ya mumewe. Ukweli atausema yeye, kwa maneno yake. Mimi sitafungua mdomo. Si kuomba radhi, si kumsifu marehemu, si kusema na mama. Akasema mdomo wangu ameusikia miaka ishirini, na mumewe aliufuata mpaka shimoni.

Nimekubali. Lakini unajua mabeleshi hayaoshwi kimya. Lazima mtu wa nyumba aseme na marehemu, amwite kwa ukoo, amwambie kazi imekwisha apumzike. Mimi nimezuiwa, na ni haki. Baba hayupo. Umebaki wewe. Nimewauliza wazee, wamesema mtoto wa kwanza ni mtoto wa kwanza, aje.

Barua hii nampa Sakhiwo, anasafiri na basi la leo, itakufikia kesho asubuhi. Ukipanda basi Alhamisi utawahi. Najua wodi haiachwi ovyo, na najua pengine hutaki hata kuniona. Usije kwa ajili yangu. Njoo umwambie mama ni nani aliyemfanya asimame langoni, na kwamba mikono anayoinyoosha itaoshwa. Umtajie jina langu wazi, usilifunike. Nitakuwa nimeinama pale pale karibu na miguu yako, nikisugua.

Msalimie shemeji. Wabusu wapwa zangu. MaDlomo hajakutumia salamu, ila aliuliza kama una viatu vya kufunga, maana njia ya kilimani imejaa miiba mwaka huu.

Ni mimi, mdogo wako,

Mbuyiseli