Jina Linalowaka

Binamu yangu Lobna,

Salamu kutoka Port Said. Lile gemu jipya la mpira uliloniuliza nimelijaribu kwa rafiki, ni takataka. Picha zinapendeza, lakini kipa anadaka kama mtu aliyeamshwa usingizini. La mapanga nimeliacha. Wanaongea kuliko wanavyopigana. Tamthilia za Ramadhani sijaona hata moja. Mama ameifunika televisheni shuka mpaka arobaini ya Wagih ipite.

Sasa yale matusi yako. "Huna haya, Shadi! Kaka yako yuko kaburini, wewe unacheza kwa jina lake?"

Si mimi, Lobna. Juzi nilirudi kutoka msikitini adhuhuri, nikamkuta mama amelifunua lile shuka, ameshika padi ya Wagih ya kuchezea gemu kwa mikono miwili kama kifaranga.

"Mama, unacheza gemu?"

"Nicheze nini mie? Naliwasha jina lake tu."

Unakumbuka Wagih alipokuwa akifanya kazi Dubai? Alimwambia mama, "Ukiona jina langu limewaka kijani kwenye gemu hapo nyumbani, ujue nimetoka kazini salama, nacheza. Usihangaike kunipigia." Mama alikuwa halali mpaka alione.

Nilitaka kubadilisha neno la siri la akaunti yake, mama asiweze kuiwasha tena. Mkono ulikataa.

Basi ukiliona linawaka, usinitukane tena. Mwalike mchezoni, kama ulivyokuwa ukimwalika Wagih. Nimeshamwonyesha mama kitufe cha kukubali.

Wako,
Shadi