Katuni za Saa Nne Asubuhi

Kibiti, Jumanne

Mume wangu Ridhiwani,

Asalaam aleikum. Mie mzima, mama yako hajambo, na mpunga wa Mohoro umeshavunwa.

Kompyuta uliyoifunga sebuleni bado inachukua chaneli za hapa nyumbani na kuzirusha kwa intaneti mpaka kwenye lile gemu lako la kuchezea huko Mtwara, upate kutazama mpira ukitoka kazini. Naipangusa vumbi kila asubuhi na kuangalia kwenye skrini kama inarusha vizuri, kama ulivyonifundisha.

Wiki ya tatu hii, ikifika saa nne asubuhi, nawe uko kazini, naona kwenye skrini gemu lako linafungua katuni. Nilidhani limeharibika. Jumapili umeme ulikatika, na uliporudi nikachelewa kuiwasha kompyuta. Ukanipigia: "Zaitun, iwashe basi." Nyuma yako mtoto alikuwa analia.

Sitaizima. Mtoto hana kosa.

Ila hapa mtaani wenzangu wote wanaitwa kwa majina ya watoto wao, na mimi mwaka wa tisa huu wa ndoa ni Zaitun tu. Huko wewe wanakuita Baba nani?

Mkeo,
Zaitun