Baba Bado Anafundisha

S.L.P. 418,
Bungoma.
16 Julai 2006

Mpendwa kaka Levi,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Hujambo? Wifi Jerono na watoto wanaendeleaje na baridi ya Kitale? Sisi tuko, ila mimi nimechoka. Ningekwambia kwa simu, lakini yako inalia tu mpaka inanyamaza.

Mahindi yamebeba vizuri. Ng'ombe mweupe amezaa, dume tena.

Baba mwili hauna shida, ni akili inayomtoka. Jumanne Ivy wa jirani, yule wa darasa la nane, alileta kitabu akamwuliza tofauti ya "remember" na "remind". Kaka, mzee alikaa wima kama enzi zake za chaki! Akamweleza kwamba "remember" ni kukumbuka mwenyewe, huhitaji msaada wa mtu. "Remind" ni kumkumbusha mwingine, kwa hivyo lazima umtaje huyo mwingine. Ndiyo maana mtu husema "remind me to buy sugar", wala si "remember me to buy sugar" kama tunavyosema sisi sokoni. Ivy alitunga sentensi zake, zote sawa, akapigiwa makofi.

Halafu Baba akanigeukia mimi niliyeshika chai yake, akauliza, "Mama, na wewe ni wa nani?"

Wewe anakukumbuka. Kila asubuhi anauliza kama Levi amefika. Mimi ninayemwogesha na kumlisha ndiye mgeni, na inaniuma, sitakuficha. Pesa unazotuma zinafika na zinatosha. Sitaki pesa. Kitale si ng'ambo, bana. Shule zikifungwa Agosti njoo umchukue, hata kwa wiki mbili, nami nilale.

Siku zote akiniuliza humjibu, "Mimi Wilkista, binti yako." Jana nilishindwa. Nikamwambia mimi ni msaidizi tu wa hapa. Akanishukuru sana, kisha akauliza kama baba yangu yuko hai. Nikamwambia yuko.

"Sasa unakaa hapa na mimi ya nini?" akasema. "Enda umwone, mama. Enda mapema."

Nisalimie wifi Jerono, na umbusu Joy kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Wilkista